Ukiona hundi kubwa kama mlango, uliza orodha iko wapi

Picha hii unaijua. Mgombea amesimama mbele ya kamera, tabasamu hadi masikioni. Mkononi ana hundi kubwa kama mlango, yenye jina lake na sura yake. Wazee wa klabu wameishika upande wa pili, wanashukuru. Picha inapigwa, inarushwa mtandaoni, na kufikia jioni kila mtu kijijini anajua nani "ameleta maendeleo".

Ungeapa ni hapa kwetu, si ndio? Basi sivyo. Ni Yankalilla, mji mdogo katika jimbo la South Australia, Februari 2019, miezi mitatu kabla ya uchaguzi wa kitaifa wa Australia. Aliyeshika hundi ni Georgina Downer, mgombea wa chama cha Liberal kilichokuwa kikitawala. Klabu ni ya wachezaji wa tufe la nyasini, mchezo unaopendwa sana na wastaafu huko. Pesa ni zaidi ya dola 127,000 za Australia.

Shida ilikuwa moja tu. Downer hakuwa mbunge. Alikuwa mgombea tu kama wengine, na mbunge wa eneo hilo, Rebekha Sharkie, alikuwa wa chama kingine kabisa. Na pesa hazikuwa za Downer wala za chama chake. Zilikuwa za mlipa ushuru.

Kuna watu waliicheka ile picha wakaendelea na maisha yao. Lakini upinzani ulimwandikia Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ukiuliza: hizi pesa zinagawanywaje? Swali hilo moja ndilo limenifanya nikuandikie leo. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba siasa za kumwaga pesa karibu na kura ni ugonjwa wa Afrika, na kwamba huko kwa wenzetu mambo yananyooka. Ukishaamini hivyo, unakata tamaa mapema: "Haya ndiyo maisha yetu, tule tu." Wacha nikuonyeshe yale ambayo Mkaguzi Mkuu alikuta, halafu uamue mwenyewe.

Jedwali la rangi

Pesa za ile hundi zilitoka katika mpango wa ruzuku za michezo wenye jumla ya dola milioni 100. Klabu ndogo ndogo na mabaraza ya miji yaliomba pesa za kujenga vyoo, vyumba vya kubadilishia nguo, taa za uwanja na kadhalika. Shirika la serikali la michezo, Sport Australia, lilisoma maombi na kuyapa alama, kama mwalimu anavyosahihisha mtihani. Ukipata alama nyingi, unastahili. Rahisi.

Lakini mwenye kalamu ya mwisho alikuwa Waziri wa Michezo, Bridget McKenzie. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ilipotoka Januari 2020, ilibainika kwamba ofisi ya waziri ilikuwa na jedwali lake kwenye kompyuta, tofauti na lile la wataalamu. Humo kila ombi liliwekwa pamoja na eneobunge linakotoka, na rangi ya chama kinachoshikilia kiti hicho. Mkaguzi alisema pesa zilielekezwa zaidi kwa maeneobunge ambayo serikali ilikuwa inayashikilia kwa kura chache, na mengine iliyoyamezea mate. Kufikia awamu ya tatu, iliyokuwa karibu zaidi na uchaguzi, asilimia 73 ya miradi iliyopitishwa haikuwa imependekezwa na Sport Australia.

Sasa jiweke katika viatu vya Gippsland Ranges, klabu ya roller derby katika jimbo la Victoria. Huu ni ule mchezo wa kukimbizana kwa viatu vya magurudumu, wanaoucheza sana ni wanawake. Ombi lao lilipata alama 98 kati ya 100. Hawakupata hata ndururu. Umefaulu mtihani karibu wote, lakini umefelishwa na shule unayosomea. Ungejisikiaje?

McKenzie alijitetea kwamba hakuvunja sheria yoyote na kwamba miradi yote ilistahili. Februari 2020 alijiuzulu. Na hapa ndipo utacheka kwa uchungu: sababu rasmi haikuwa jedwali la rangi. Ni kwamba alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha iliyopewa ruzuku, na hakuwa amelitangaza jambo hilo. Mwaka 2021 alirudi katika baraza la mawaziri.

Si chama kimoja

Kabla hujaanza kusema hiyo ni tabia ya chama fulani, rudi nyuma miaka ishirini na kitu. Mwaka 1993 waliokuwa madarakani ni Labor, wapinzani wa jadi wa Liberal. Waziri wa Michezo aliitwa Ros Kelly, na mfuko wake ulikuwa wa dola milioni 30 za viwanja na kumbi za jamii. Mkaguzi alipouliza maamuzi yalifanywaje, hakukuwa na maandishi. Waziri alieleza kwamba maombi yalikuwa yakiorodheshwa kwenye ubao mkubwa mweupe ofisini mwake. Na ubao, unajua, hufutwa.

Alijiuzulu uwaziri mwaka 1994. Kwa hivyo mchezo ni uleule, umebadilika ubao tu: kwanza ulikuwa wa kufutwa kwa kitambaa, kisha ukawa wa kompyuta. Bahati ni kwamba kompyuta haisahau.

Kisha kuna maegesho ya magari. Kabla ya uchaguzi huohuo wa 2019, serikali iliahidi kujenga maegesho karibu na stesheni za treni ili watu waache magari yao hapo na kuendelea na safari kwa reli. Wazo zuri tu. Mfuko ulikuwa wa dola milioni 660. Ripoti ya Juni 2021 ilionyesha kwamba kati ya maeneo 47 yaliyochaguliwa, hakuna hata moja lililopendekezwa na wataalamu wa wizara husika. Asilimia 77 yalikuwa katika maeneobunge ya muungano uliokuwa ukitawala. Kazi ya kuchagua ilianzia kwenye orodha ya viti 20 vyenye ushindani mkali zaidi. Baadhi ya miradi hiyo ilifutwa baadaye. Maegesho yaliombewa kura, kura zikapatikana, maegesho yenyewe hayakuonekana.

Kwa nini pesa hazifiki kwenu

Hebu tufungue injini tuone inavyofanya kazi.

Australia kupiga kura ni lazima, tangu mwaka 1924. Usipopiga bila sababu nzuri, unaweza kutozwa faini ya dola 20. Ndiyo maana takriban watu tisa kati ya kumi hujitokeza, wengine wakivutiwa pia na harufu ya soseji zinazochomwa nje ya shule za kupigia kura siku hiyo ya Jumamosi. Wanaziita soseji za demokrasia. Fikiria smokie na kachumbari, lakini mapato yanaenda kwa shule.

Sasa angalia matokeo yake. Hapa kwetu mwanasiasa hutumia nguvu nyingi kuwatoa watu nyumbani waende kituoni. Kule hana haja, watakuja tu. Kazi yake ni kumgeuza yule ambaye bado hajaamua. Na huyo asiyeamua ana thamani pale tu ambapo kiti kinaweza kwenda upande wowote. Bunge la Wawakilishi lilikuwa na viti 151 mwaka 2019. Vingi kati ya hivyo vinajulikana mshindi hata kabla debe halijafunguliwa. Vinavyobaki vichache ndivyo vinavyoamua nani atakuwa Waziri Mkuu.

Kwa hivyo ukiishi katika ngome ya serikali, hupewi kitu kwa sababu wewe ni wao tayari. Ukiishi katika ngome ya upinzani, hupewi kwa sababu hawatakupata. Anayependwa ni jirani anayeyumbayumba. Uaminifu wako kwa chama, samahani, ndio unaokunyima barabara.

Bajeti ya kuaga na kukaribisha

Kuna mbinu nyingine ambayo haifichwi hata kidogo: kalenda. Waziri Mkuu wa Australia ndiye huamua lini uchaguzi uitishwe ndani ya muhula wa miaka mitatu. Bajeti ya nchi kwa kawaida husomwa Mei. Lakini angalia miaka ya uchaguzi.

Mwaka 2019 bajeti ilisomwa Aprili 2, uchaguzi ukaitishwa Aprili 11. Mwaka 2022 ilisomwa Machi 29, uchaguzi ukaitishwa Aprili 10. Mwaka 2025 ilisomwa Machi 25, uchaguzi ukaitishwa Machi 28. Siku tisa, siku kumi na mbili, siku tatu. Bajeti imekuwa kama mkutano wa kwanza wa kampeni, tofauti ni kwamba jukwaa linalipiwa na mwananchi.

Na zawadi zake? Mwaka 2022 serikali ya Scott Morrison ilipunguza ushuru wa petroli kwa nusu, kutoka senti 44.2 hadi senti 22.1 kwa lita, kwa miezi sita. Wazee wa pensheni wakapewa dola 250 mara moja. Mwaka 2025 serikali ya Anthony Albanese ikaleta punguzo la kodi ya mapato na dola 150 za kusaidia kulipa stima. Mpinzani wake, Peter Dutton, akajibu kwa kuahidi kupunguza petroli kwa senti 25 kwa lita kwa mwaka mmoja, na akawa anazunguka vituo vya mafuta na kamera nyuma yake tena na tena.

Wewe kijana hukusahaulika. Katika bajeti ya 2025 waunda maudhui wa mitandaoni walialikwa Canberra, mji mkuu, pamoja na wanahabari. Sababu ni hesabu: huo ulikuwa uchaguzi wa kwanza ambao wapiga kura wa kizazi cha Gen Z na wale wa milenia waliwazidi kwa idadi wazee waliozaliwa baada ya vita. Ukiona mwanasiasa ghafla amejua podikasti unayosikiliza, jua kuna mtu amehesabu kura zako.

Je, pesa hununua ushindi?

Hapa ndipo wanasiasa wenyewe hukosea. Downer na hundi yake alishindwa pale Mayo, ingawa chama chake kilishinda nchini. Morrison alipunguza petroli na bado akafurushwa Mei 2022. Bilionea wa madini Clive Palmer alimwaga mamilioni mwaka 2019 na hakupata kiti hata kimoja. Mwaka 2022 akarudi na zaidi ya dola milioni 100, akaambulia seneta mmoja. Mei 3, 2025 Dutton alishindwa hata katika eneobunge lake mwenyewe, huku Labor ikinyakua viti 94 kati ya 150.

Lakini usikimbilie kusema basi hakuna madhara. Hata mgombea akishindwa, ile klabu yenye alama 98 bado haina pesa. Anayeumia ni yule aliyestahili akarukwa, awe alipiga kura kwa nani.

Wao wana nini cha kujilinda?

Si malaika, tumekubaliana. Lakini wana vitu vitatu ambavyo vinafaa kuibwa, na huu ndio wizi pekee ninaoutetea.

Cha kwanza ni breki. Bunge likishavunjwa, serikali inakuwa ya kulinda nyumba tu. Haipaswi kufanya maamuzi makubwa ya sera, kutia saini kandarasi kubwa wala kuteua watu wazito hadi mshindi ajulikane. Huo ni utaratibu wa mazoea, si sheria yenye meno, lakini watumishi wa umma wanauheshimu na akiukaye hupigiwa kelele. Ndiyo sababu pesa nyingi hutangazwa kabla tu ya siku hiyo.

Cha pili ni kitabu kilichofunguliwa. Kuna sheria ya mwaka 1998 inayowataka wakuu wa kitaalamu wa Hazina na Wizara ya Fedha kutoa ripoti ya hali halisi ya pesa za nchi ndani ya siku kumi baada ya amri rasmi ya uchaguzi kutolewa. Si waziri anayeiandika. Ni wataalamu, kwa majina yao. Tangu 2012 kuna pia Ofisi ya Bajeti ya Bunge inayopiga hesabu ya ahadi za vyama. Ukiahidi mbingu, wanakutajia bei ya mbingu.

Cha tatu ni Mkaguzi Mkuu anayeweza kuingia katika ofisi ya waziri, kuitisha jedwali na kulianika hadharani. Kazi yake ilikuja ikiwa imechelewa, uchaguzi ulikuwa umeshapita. Lakini ilikuja, na mtu mkubwa akapoteza kazi.

Na usidhani haya ni mambo ya mbali yasiyomgusa Mkenya. Wakati ile hundi ya Yankalilla inapigwa picha, jimbo hilohilo la South Australia lilikuwa na seneta mzaliwa wa Kenya, Lucy Gichuhi. Aliingia Seneti mwaka 2017, Mwafrika mweusi wa kwanza kuketi katika Bunge la Australia, na mwaka uliofuata akajiunga na Liberal. Uchaguzi wa 2019 ulipofika, chama kilimpanga nafasi ya nne katika orodha yake ya Seneti. Nafasi tatu za mwanzo ndizo zilizoshinda. Hata huko, mwenye kupanga orodha ndiye mwenye nguvu.

Ahadi au hongo?

Najua unachowaza. "Sasa kila mwanasiasa akiahidi kitu, ni hongo?" La. Na swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana, hasa ahadi inapokulenga wewe.

Chukua deni la elimu. Kule wanafunzi husoma kwa mkopo wa serikali, binamu wa HELB. Novemba 2024, Albanese aliahidi kwamba akichaguliwa tena atapunguza madeni hayo kwa asilimia 20. Watu wapatao milioni tatu, gharama ya dola bilioni 16. Mwenye deni la wastani la dola 27,600 angefutiwa 5,520. Je, hiyo ilikuwa chambo cha kuvulia kura za vijana? Bila shaka ilikuwa. Hakuna aliyejifanya haoni.

Lakini ilinganishe na jedwali la rangi. Ahadi ya deni ilitangazwa mchana, miezi kabla ya kura. Kila mwenye deni alihusika, awe anaishi ngomeni au kwenye kiti cha ushindani, awe anampenda Albanese au anamchukia. Bei yake ilijulikana. Wapinzani waliipinga hadharani wakisema ni dhuluma kwa wasiosoma chuo, hoja ambayo nayo ina uzito. Watu wakapiga kura wakijua. Kisha ikapelekwa Bungeni na kupitishwa kuwa sheria Julai 2025.

Unaweza kuipenda au kuichukia sera hiyo. Lakini hukuhitaji kumjua mtu ili ufaidike, na hakuna aliyekunyima kwa sababu ya eneobunge lako. Hapo ndipo mstari ulipo. Siasa ni kuahidi, na mkono mtupu haulambwi, hilo tunalijua. Tofauti ni kama mkono huo unagawa kwa kanuni iliyoandikwa au kwa kuangalia uso wako.

Kwa hivyo, ndugu yangu, dada yangu, Agosti 2027 inakuja na hundi za ukubwa wa mlango zitaanza kuonekana, kama hazijaanza. Sikuambii uzisusie. Kama ni taa ya uwanja wa mtaa wenu, chezeni chini yake. Lakini kabla hujapiga makofi, uliza mambo matatu. Pesa hizi ni za nani? Nani mwingine aliomba akanyimwa? Na iko wapi orodha yenye alama?

Wakikujibu kwa karatasi, isome. Wakikujibu kwa fulana na wimbo, basi jua ubao umeshafutwa.